Nabwenge na Djo Kichwangumu

Mtu akipuliza maikrofoni kabla ya kusema, fuu, fuu, mimi hugeuka kutafuta ni nani. Juzi asubuhi alikuwa kijana mmoja hapa Ruti, Mbarara, amesimama juu ya pikapu karibu na chumba changu cha kushonea, anatangaza viatu vya mitumba. Alipuliza, akasema haloo, na mimi nikaacha kukanyaga mashine. Mteja wangu, mama mmoja wa Kinyankore anayependa mzaha, akaniuliza kama nimemwona mume wa zamani. Nikacheka, nikamwambia ni mkanda wa mashine umeteleza. Nyinyi nitawaeleza ukweli wenyewe, kwa sababu mmeketi na hamna haraka ya gauni.

Mpulizo ule ni wa Papa. Kule Nakivale, kambi ya wakimbizi, Papa alikuwa vijei, yaani mtu anayekaa kando ya televisheni na kuwaeleza watazamaji wanachosema watu wa ndani ya filamu. Kibanda chetu kilikuwa cha udongo, paa lake turubai lililopasuka na kushonwa na kupasuka tena, na viti vyake magogo ya mkaratusi yaliyochana suruali za watu wengi. Kilikuwa na harufu isiyotoka hata ukifagia na kumwaga maji: jasho, mahindi ya kuchoma na petroli ya jenereta. Nje, juu ya nguzo, Papa alitundika kipaza sauti kikubwa ili wapita njia wasikie vita na vilio, waingie. Kipaza sauti kile kilitazama shamba letu la mahindi, na ng'ambo ya mahindi ndiko ilikuwa nyumba ya Koko.

Koko alikuwa mama aliyemzaa mama yangu. Sasa lazima niwaeleze desturi, maana bila hiyo mtatuona wote vichaa. Kwetu, Kivu ya Kusini kule Kongo, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawasemezani, hawali pamoja, hawapishani kwenye njia nyembamba. Na zaidi ya yote, neno chafu halitamkwi mahali mkwe anaweza kusikia. Mtu aliyeteleza ulimi mbele ya mkwe wake, kwetu, ni bora angeenda sokoni uchi.

Kijijini heshima hiyo ilikuwa na nafasi ya kutosha, mkwe mlima huu na mkwe mlima ule. Nakivale walitupa kipande kimoja cha ardhi, nyumba mbili na mistari ya mahindi katikati, na heshima ikakosa pa kukaa. Papa akirudi nyumbani alianza kukohoa tangu barabarani, mpaka wageni wakadhani ana kifua kikuu. Koko akisikia kikohozi alijifunika kitenge kichwani na kuyageukia mahindi. Mazungumzo yao yote yalipita kwangu. "Faida, mwambie ule mutu chumvi imeisha," Koko alisema, na ule mtu yuko pale pale anafunga mlango. "Faida, mwambie Koko nimesikia." Siku moja sikuwepo, na jirani yetu Mama Konsiliya, Mrundi, aliapa kwamba alimsikia Koko akimtuma mbuzi.

Mama yangu hakuwepo. Nikimuuliza Papa, alisema, "Alibakia nyuma," akatafuta kazi ya kufanya. Nikimuuliza Koko, alisema nikamuulize aliyekuwa naye. Koko alifika Nakivale na kundi lake, kwa njia yake, akamkuta Papa kwenye foleni ya maji, mimi niko mgongoni mwake nimefungwa kwa kitenge cha mama, na mama mwenyewe hayupo. Swali lilikuwa moja tu, na desturi haikumruhusu kuliuliza. Kijijini wangekuwepo wazee wa pande mbili wa kulibeba swali na kulirudisha jibu. Wazee wetu walikuwa wametawanyika nchi nzima. Mimi nilibeba habari za chumvi na kuni, lakini lile Koko hakunipa.

Mwaka mmoja, maharagwe tuliyopanda kati ya mahindi yalipoanza kukauka, Koko akaniambia tunahama. Kulikuwa na mama mmoja huko Masha, nje ya kambi, mwenye ndizi na ng'ombe, ambaye Koko alikuwa akimpalilia, na huyo alikubali kumpa chumba. Tukimaliza kuvuna tunaenda, alisema, mimi na wewe. Nikauliza, na Papa? Akaendelea kupepeta.

"Siwezi kuachia mutoto wa mutoto wangu kwa mutu mwenye hasemi ni fasi gani aliacha mama yake," akasema.

Kwetu mtoto ni wa baba, na Papa angeweza kukataa. Lakini kukataa ni lazima usimame mbele ya mtu, na Papa hakuweza kusimama mbele ya Koko hata kumpa habari za asubuhi. Kwa hiyo alinyamaza. Mimi nikawa katikati yao. Nilimpenda Papa na nilimpenda Koko, na kila nilipoliona shamba limezidi kuwa la manjano nilijua siku ya kumkosa mmoja wao inakaribia. Nilikuwa nakwenda kuyamwagilia maharagwe maji kwa siri yasikauke. Mtoto ana akili zake.

Sasa nirudi kwenye filamu. Papa hakujua lugha za filamu zile. Zilitoka Mbarara kwenye diski zisizo na jalada, nyingine za Kichina, nyingine Mungu ndiye anajua, na Papa alikuwa na Kifuliiru chake, Kiswahili chetu na Kifaransa cha shule ya msingi. Alitazama nyuso, akatunga. Watu walijua? Nadhani walijua nusu, na ile nusu nyingine hawakuitaka. Alikuwa na sauti ya kila mtu, ya mzee, ya mrembo, ya mbwa. Akilia yeye, kibanda kizima kilipenga kamasi.

Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya vipande vingi, ya mwizi mmoja wa mjini mwenye kipara, koti la ngozi la njano na pikipiki kubwa. Papa alimbatiza Djo Kichwangumu. Polisi wakimwambia Djo asimame, anakaa. Wakimwambia akae, anapanda juu ya meza na kuomba kiberiti. Wakongo na Warundi waliokuwa hawasikilizani hata kwenye bomba la maji walimpigia makofi pamoja, na vijana wakaanza kunyoa vipara.

Koko naye alikuwa na mtu wake. Alasiri, tukichambua maharagwe, alinisimulia habari za Nabwenge, mwanamke wa zamani za wami, wafalme wetu, miguu peku, aliyebebeshwa pamoja na wenzake mizigo ya kodi kuipandisha mlimani kwa mwami. Nabwenge hakuwa na koti wala pikipiki. Alikuwa na kiko alichokivuta kwa kujificha, na kicheko alichokitoa mahali pasipofaa. Mwami akihutubia, Nabwenge alikohoa. Wanyapara wakimwambia apande haraka, alisimama kutazama ndege. Mimi niliwapenda wote wawili, ila sikuwahi kuwaweka chungu kimoja. Ungeniuliza wanafanana wapi, ningekuuliza jogoo na sufuria vinafanana wapi.

Jumamosi moja Papa aliweka kipande kipya. Djo yuko kwenye kituo cha treni na wenzake, ana sanduku, na watu wenye sare wanakuja kutoka kila upande. Tulingoja apige mtu. Djo akaweka sanduku chini, akaketi juu yake, akaanza kufunga kamba za viatu. Papa, ambaye pale ndipo angetoa sauti ya kupasua turubai, alishusha sauti mpaka ikawa kama ya mtu anayesema na mtoto kitandani. "Djo anasema amechoka. Anaambia benzake: mwende mbele, niko nakuya nyuma."

Nilisahau hindi mdomoni. Maneno yale yalikuwa ya Nabwenge. Neno kwa neno. Pale mlimani, Nabwenge aliweka mzigo wa mwami chini, akaketi juu yake, akafungua kitambaa cha kichwa na kukifunga upya taratibu, na wanyapara wote wakamzunguka wakipiga kelele, naye akawaambia aliokuwa nao: mwende mbele, niko nakuya nyuma. Nikaanza kuwalinganisha nikiwa pale kwenye gogo, na kila nilipogusa nilikuta wanalingana. Hakuna hata mmoja aliyesema hapana. Walisema wamechoka. Hakuna aliyeinua mkono. Djo alishika kamba za viatu, Nabwenge alishika kitambaa, na wakubwa wakawasahau watu wengine wote wakabaki kumpigia kelele mtu mmoja aliyekaa kitako. Nikajiuliza ni waasi gani hawa wanaoasi kwa kuketi.

Nilikatiza katikati ya mahindi mbio nikaenda kushtaki. "Koko, Papa anaiba hadithi yako."

Ungo ukasimama mikononi mwake. "Ule mutu wa filamu alisema nini? Sema sawa vile alisema."

Nikasema. Akanirudisha mwanzo, nikasema tena. Aliketi kwenye vumbi, yeye aliyekuwa haketi bila mkeka, na maharagwe yakamwagika asiyaokote. Nilidhani amekasirika kwa sababu ya wizi. Nilijiona nimefanya kazi ya maana.

Tangu siku hiyo Koko alibadilisha namna ya kusimulia. Alihamisha kigoda chake mpaka ukingoni mwa mahindi, akageukia upande wa kibanda, akasimulia kwa sauti ambayo mimi niliyekuwa miguuni pake sikuihitaji. Nabwenge alikuwa na bwana, alisema. Bwana mwenye magoti mazima na mgongo mzima. Kwa sababu gani hakuketi pamoja na bibi yake? Ng'ambo, Papa alikuwa akigongelea gogo lililolegea. Nyundo ikanyamaza, na haikugonga tena alasiri ile.

Jumamosi iliyofuata Djo yuko palepale juu ya sanduku, na mwenzake mmoja mwembamba amesimama karibu. Papa akasema mwembamba anataka kuketi na Djo, lakini hawezi, ana mtoto mgongoni.

"Mutoto iko wapi?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Hatumuone."

"Kamera haikamate mugongo," Papa akajibu, na kibanda kikaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa karibu na ufa wa ukuta, na muda wote wa filamu nilikuwa nasikia jembe la Koko likigonga mawe shambani. Papa alipotaja mtoto, jembe lile lilinyamaza. Nikachungulia. Koko alikuwa amesimama wima katikati ya mahindi, uso ameuinua kwenye kipaza sauti. Nilianza kuogopa filamu, nikaogopa na hadithi. Niliona watu wazima wawili wananigombania kwa kutumia mwizi na mchukuzi, na sikuelewa kwa nini mchezo ule unawaumiza hivyo.

Maharagwe yalipokuwa tayari kung'olewa, Papa alinipeleka Mbarara kuninunulia viatu. Hakusema ni vya kuagana. Alikwenda pia kubadilisha diski, na Desire alikuja nasi, Mrundi mwenye bodaboda aliyekuwa akituletea petroli, mtu wa maneno mengi na mpenzi wa Djo kuliko wote, kipara chake kikimetameta. Mvua ikatukuta Ruti, siyo mbali na hapa ninapokaa sasa, tukakimbilia ndani ya kibanda cha filamu. Kwenye televisheni alikuwepo Djo.

Vijei wa pale alikuwa Mganda anayeijua lugha ya filamu ile au anayemjua aliyeijua. Alifasiri kwa Kiganda, na kwa wageni kama sisi akachomeka Kiswahili chake cha jeshini. Djo akaketi juu ya sanduku. "Huyu jamaa nagojea gari ya jioni," vijei akasema. "Hapana ogopa askari. Hao nakuja kuuliza tiketi. Sanduku iko na nguo tu."

Desire alimgeukia Papa, akamtazama muda mrefu. Papa alikaza macho kwenye televisheni. Njia nzima ya kurudi Desire hakusema neno, na Desire akinyamaza ujue kuna msiba au kuna vita. Mimi nilikuwa nimebana viatu vipya kifuani. Tuliposhuka nikamuuliza Papa kwa sauti ya chini nani anadanganya, yeye au yule wa Ruti.

"Ule anajua luga," Papa akasema. "Mimi namujua mutu."

Sikuelewa.

Habari za Ruti zilienea kambini kabla hatujavua viatu. Kesho yake watoto walinicheka bombani, na kufikia mwisho wa juma watu wazima walikuwa wamechacha. Mtu anaweza kukusamehe uongo aliokuwa akiujua kidogo kidogo mwenyewe. Akiambiwa na jirani, hakusamehe. Walikuwa wamenyoa vipara kwa ajili ya Djo. Walisema Jumamosi watamwomba vijei afasiri kweli, na asipoweza kibanda kile kitakuwa kuni.

Jumamosi ilifika na maharagwe yakiwa guniani. Koko alikuwa amefunga mzigo wetu tangu asubuhi, na kijana wa pikipiki wa kutupeleka Masha alikuwa njiani. Kutoka kwenye kibanda zilikuja kelele nisizowahi kuzisikia, si za kushangilia. Koko alizisikia pia. Alinirekebisha kola, akaniambia, "Enda umwambie ule mutu tunaenda." Nilipita katikati ya mahindi. Nilijua nikishamwambia, basi.

Kibanda kilifurika. Wengine walisimama juu ya magogo, na vijana wawili mlangoni walikuwa na mawe, hawayafichi. Filamu ilikuwa ikienda, Djo ameketi, na Desire amesimama mbele ya televisheni kiasi kwamba suruali yake ililificha sanduku.

"Papa Faida," alisema, kwa adabu ile inayotisha kuliko matusi, "tuambie mbele ya watu. Ndani ya sanduku kuna nini?"

"Manguo," Papa akasema.

"Na anangojea nini?"

"Gari."

Kelele ikapanda. Gogo likapinduliwa, mtu akaanza kuvuta waya wa jenereta, turubai likapigwa ngumi kutoka nje. Nilipita chini ya mikono na kati ya miguu mpaka nikamfikia Papa. Alikuwa ameketi, maikrofoni mkononi, uso umemwisha rangi. Nikamkaribia sikioni, nikasema nilichotumwa. Sikujua kwamba maikrofoni iko wazi. "Papa, Koko anasema tunaenda sasa." Sauti yangu ndogo ikatoka kwenye kipaza sauti, ikaenda juu ya mahindi na nyumba za watu, na kibanda kikanyamaza.

Papa alinitazama. Kisha akanyoosha mkono akazima sauti ya filamu, Djo akabaki anachezesha midomo. Akapuliza, fuu, fuu.

"Bandugu, ule mutu wa filamu sijue anasema nini. Sikujuaka hata siku moya. Lakini iko mutu moya namujua, aliketi vile. Ni mama ya huyu mutoto."

Alisimulia bila sauti ya mzee wala ya mrembo. Alisema kwamba kwenye njia ya kushuka mto Rusizi watu wenye bunduki waliwakamata na kuwabebesha vitu walivyopora madukani. Mama alipewa gunia la chumvi. Pale majani marefu yanapoanza, kabla ya maji, mama aliweka gunia chini, akaketi juu yake, akafungua kitambaa cha kichwa na kukifunga upya kana kwamba yuko nyumbani kwake. Wenye bunduki wakaja wote kumzunguka. Walimwambia asimame, akasema amechoka.

"Akatuambia: mwende mbele, niko nakuya nyuma. Bote balikuwa banamuangalia yeye. Njo tulipata fasi ya kuingia mu majani. Nilikuwa na mutoto mugongoni. Nilienda. Sikugeuka."

Desire alikuwa bado amesimama, lakini mikono ilikuwa imeshuka.

"Alisimama?" akauliza, polepole.

"Sijue. Lakini mupaka tulifika ku maji nilikuwa namusikia. Alikuwa anabatukana."

Ndipo mlango ukaingia giza. Koko hakuwahi kukanyaga kibanda kile. Alikuwa amesimama pale kizingitini, kitenge kichwani, mgongo ametupa sisi na uso ameupa barabara. Wale vijana wa mawe walimpisha. Hakusema, "Faida, muulize." Aliiambia barabara, lakini kila mtu alijua anamwambia nani.

"Alibatukana namna gani?"

Nilimwona Papa akinywea. Watu walijitazama miguu. Warundi nao wana wakwe, walielewa anaombwa nini. Matusi, mbele ya mama mkwe, kwenye kipaza sauti. Papa akanitazama mimi, labda kwa mazoea, labda akidhani nitalibeba hata hilo.

"Mama, siwezi," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita.

"Sema. Kama hausemi, namna gani nitajua ni mutoto wangu?"

Papa akasimama, akaugeukia ukuta wa upande wa pili, wakawa wamepeana migongo na sisi sote katikati. Akayasema. Sitayataja hapa, nina wateja walokole. Yaliwahusu mama za wale wenye bunduki, suruali zao na kilichomo, na kulikuwa na jambo la mbuzi dume ambalo hata wanaume wa pale walikuwa hawajawahi kulisikia. Hakuruka hata moja. Alilia huku akiyataja, na kipaza sauti kikayapeleka bombani, sokoni na kanisani ambako kwaya ilikuwa mazoezini.

Mabega ya Koko yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kisha akawa analia, kisha sikuweza tena kutenganisha.

"Ni yeye," akasema. "Ile ya mbuzi nilimufundisha mimi."

Hakuna aliyevunja kitu. Watu walitoka kimya kimya, vijana wakaacha mawe nje, na Desire akabaki kuinua magogo yaliyopinduliwa. Kijana wa Masha alipofika Koko alimpa bakuli la maharagwe makavu na kumwomba amsalimie yule mama wa ndizi. Jioni ile alinituma na sahani iliyofunikwa. "Pelekea papa yako," alisema. Desturi ilirudi palepale, wakaendelea kujificha na kukohoa mpaka Koko alipotutoka, miaka mingi baadaye. Nabwenge sikumsikia tena, wala Papa hakumweka tena Djo.

Nilipokuwa mkubwa ndipo Koko aliponieleza kwamba alipovuka mpaka, mwanamke mmoja aliyetangulia kutoka kwenye mstari ule wa wachukuzi alimwambia nusu: binti yako aliketi juu ya mzigo, akatuambia twende, na mkwe wako akaenda. Koko alimtengeneza Nabwenge kutokana na nusu hiyo, ili apate mahali pa kuuliza. Papa alikuwa na nusu yake, akaificha ndani ya koti la njano la mwizi asiyemjua, ili apate mahali pa kujibu. Nilifikiri wananigombania. Kumbe walikuwa wanazungumza, watu wawili walioruhusiwa kuzungumza habari za chumvi tu.

Lakini kuna jambo lililokuja baadaye zaidi, na hili sijamwambia mtu. Nilikuwa nampeleka binti yangu kliniki, nimemfunga mgongoni, hapa hapa Ruti, nikajiona kwenye kioo cha duka. Mtoto wa mgongoni haangalii kule mnakokwenda. Ameweka shavu kando, shingo ameipinda, macho wazi, anaangalia kule mnakotoka.

Papa hakugeuka, na sina kosa la kumwekea. Lakini mimi nilikuwa mgongoni. Aliyemwona mama yangu mwisho ni mimi. Koko aliniogesha, akanilea, akanizeeshea magoti yake, akaondoka bila kuniuliza niliona nini, na ninamshukuru, kwa sababu nimetafuta mpaka leo na sikumbuki kitu.